Kabla hujanunua tovuti, itazame meno

Mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yangu hapa Endagikot, alinifuata jioni moja akiwa na simu mkononi na hesabu ya shilingi 5,400,000 kichwani. Fedha zenyewe zilikuwa za mkopo wa Saccos. Alitaka kununua tovuti ya kilimo cha vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu nzima inalijua, na muuzaji alikuwa amemaliza mabishano ya bei kwa hoja moja tu: tovuti hii ipo tangu 2011. "Kaka, hii ni tovuti ya utu uzima, na utu uzima dawa," akaniambia. Alishakagua mwenyewe kumbukumbu za usajili, nazo zilisema 2011 kweli. Kwangu alitaka msaada wa kuihamisha tu.

Nikamuuliza jambo ambalo yeye, mtoto wa mfugaji, hawezi kushindwa. Ukienda mnadani ukaambiwa mtamba huyu ana miaka mitatu, unafanyaje? Akacheka. Unamfungua kinywa. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota ng'ombe akiwa na miaka miwili hivi, na ya nne hukamilika akikaribia mitano. Baada ya hapo unasoma jinsi yalivyolika. Pembe nazo zina pete zinazokupa picha ya mizao, ila pembe hupigwa msasa, ndiyo maana mnunuzi mzoefu hatosheki nazo. Na hereni ya sikioni? Hereni inasema ng'ombe ameandikishwa lini. Nikamwambia mwalimu kwamba ile 2011 aliyoiona ni hereni, na kinywa bado hajakifungua.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji asinitafute mbele. Tarehe ya kusajiliwa kwa jina si umri wa tovuti. Umri wa tovuti ni muda ambao imeishi bila kukatika, ikifanya kazi ileile kwa wasomaji wa aina ileile, na muda huo ukiwa na ushahidi ambao mtu wa tatu anaweza kuukagua. Mwaka usio na ushahidi wa namna hiyo haustahili kulipiwa hata senti. Nitaeleza pia kwa nini kanuni hii, inayoonekana kumtetea mnunuzi, humfaa muuzaji mkweli zaidi.

Tuanze na fedha, maana bila fedha swali hili lisingekuwa na uzito. Tovuti yenye kipato huuzwa kwa kuzidisha faida halisi ya mwezi kwa idadi fulani ya miezi, mara nyingi kati ya 20 na 40. Tuseme tovuti inabakiza shilingi 150,000 kwa mwezi baada ya kulipia seva, usajili na mwandishi. Kwa miezi 24 bei ni 3,600,000. Kwa miezi 36 ni 5,400,000. Tofauti ya shilingi 1,800,000 haitokani na msomaji hata mmoja wa ziada wala tangazo jipya. Inatokana na imani tu: mnunuzi anaamini kwamba kitu kilichodumu miaka mingi kitadumu mingine. Imani hiyo ina mantiki. Tovuti iliyopita katika mabadiliko mengi ya injini za utafutaji na misimu mingi ya bei ya mazao bila kufa imeonyesha ustahimilivu. Lakini mantiki hiyo inasimama pale tu ambapo tovuti iliyopita misukosuko hiyo ndiyo hiyohiyo inayouzwa leo. Hapo ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Neno "umri" kwenye biashara hii limebeba mambo manne yasiyolingana. Kuna umri wa jina, yaani tangu kikoa, au domeini kama wengi tunavyoiita, kiandikwe kwenye rejista. Kuna umri wa maudhui, tangu makala za mada hii zianze kuonekana hadharani. Kuna umri wa umiliki, tangu mtu anayekuuzia aishike. Na kuna umri wa biashara, tangu wasomaji na mapato yaanze kuingia kwa mfululizo. Tovuti moja inaweza kuwa na jina la miaka 13, maudhui ya miaka mitatu, mmiliki wa miaka miwili na kipato cha miezi minane. Muuzaji akitaja namba moja bila kusema ni ya umri upi, hajadanganya, na kwa hiyo humkamati. Mzigo wa kuuliza ni wako.

Umri wa jina hutengana na maudhui kwa njia inayoeleweka. Jina linaloishia na .com halimilikiwi milele. Hulipiwa kwa mwaka au miaka. Likiisha muda bila kulipiwa, msajili anaweza kuliacha kwenye kipindi cha neema kinachofika hadi siku 45. Baada ya hapo huingia siku 30 za ukombozi, ambamo mwenyewe anaweza kulirudisha kwa faini, kisha siku tano za kungoja kufutwa. Likifutwa kabisa na mtu mwingine akalisajili, tarehe ya kuzaliwa huanza upya. Lakini majina yenye thamani hayafiki huko. Wasajili wengi huyapiga mnada kabla ya kufutwa, na aliyeshinda hupokea jina pamoja na tarehe yake ya zamani. Hivyo mtu aliyenunua jina jana anaweza kuonyesha hati ya miaka 15, na hati hiyo si ya kughushi. Ni ya jina, na jina halijawahi kuandika makala.

Mfano unaofundisha zaidi duniani ni symbolics.com, jina la kwanza la .com kusajiliwa, tarehe 15 Machi 1985. Kampuni ya Symbolics ilikuwa ikitengeneza kompyuta Marekani. Mwaka 2009 jina hilo liliuzwa kwa mwekezaji wa majina. Ukiangalia rejista leo utaona 1985, lakini ukifungua tovuti hutaikuta ile kampuni. Kama jina kongwe kuliko yote ya .com haliwezi kukuhakikishia kwamba mwenye nyumba ni yuleyule, 2011 ya vitunguu saumu itakuhakikishia nini?

Kwa upande wetu wa .tz, rejista huonyesha tarehe ya kusajiliwa, ya kubadilishwa mara ya mwisho na ya kuisha. Tarehe hiyo ya katikati wengi huiruka, nayo ndiyo ya kuulizia. Mabadiliko yanaweza kuwa ya seva tu, yanaweza pia kuwa ya mmiliki. Kwa majina ya kimataifa, majina ya wamiliki binafsi yamefichwa kwa sehemu kubwa tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 2018, kwa hiyo kumbukumbu ya leo haikuambii jina limepita mikononi mwa wangapi.

Sasa geuza upande wa pili, maana kanuni yangu inakata kotekote. Ziko tovuti ambazo rejista inazipunguzia umri. Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005 kwenye Blogspot, wakati Watanzania wengi walikuwa bado wanasubiri ukurasa ufunguke huku wamemaliza chai. Waya wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na waliotangulia hapo walijenga kwenye majukwaa ya bure kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Mwanablogu wa kizazi hicho aliyehamia baadaye kwenye jina lake mwenyewe ataonekana kijana kwenye rejista, ilhali maandishi yake ni makongwe. JamiiForums nayo ilianza 2006 kwa jina la JamboForums na kuchukua jina la sasa 2008; anayehesabu umri kwa jina pekee atapoteza miaka miwili ya mwanzo. Hapa ndipo muuzaji mkweli anaponufaika. Akiweza kuonyesha uhamisho wenyewe, makala zilezile kwenye anwani ya zamani na ya mpya, na anwani ya zamani ikimpeleka msomaji kwenye mpya, anastahili kulipwa umri wote, hata ule ambao rejista haiujui.

Mtego wa kinyume upo papo hapo. Nimewahi kuonyeshwa blogu ya Blogspot ikinadiwa kuwa ya mwaka 2000. Aliyekagua alikuwa ameingiza blogspot.com kwenye rejista na kupewa umri wa jina la Google, kana kwamba mpangaji amepewa cheti cha kuzaliwa cha mwenye nyumba. Anwani ndogo iliyo chini ya jina la mtu mwingine haina umri wake kwenye rejista, na wala hununui jina hapo. Unanunua nenosiri.

Meno yenyewe

Kifaa cha kwanza ni hifadhi ya intaneti ya Wayback Machine, ya taasisi ya Internet Archive iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Inanakili kurasa za tovuti kwa nyakati tofauti na kukuonyesha zilivyokuwa. Kosa la wengi ni kutazama kalenda badala ya kurasa. Wanaona vitone vya 2011, wanaridhika. Fungua angalau nakala moja kwa kila mwaka uisome. Nilipofanya hivyo kwa tovuti ya mwalimu, hadithi ilijisimulia. Mwaka 2011 hadi 2015 jina lilikuwa la wapandisha watalii Mlima Hanang, likiwa na neno linalofaa milima na mashamba vilevile. Kuanzia 2016 hadi 2020 lilikuwa ukurasa wa matangazo wenye maneno kwamba jina hili linauzwa. Kitunguu saumu cha kwanza kilionekana Aprili 2021.

Hifadhi hiyo ina mipaka yake. Kutokuwepo kwa nakala si ushahidi kwamba tovuti haikuwepo, maana tovuti ndogo za Kiswahili hutembelewa na mashine hizo kwa nadra, na mwenye tovuti anaweza kuomba nakala zake ziondolewe. Ukikuta historia yote imeondolewa, uliza sababu kabla hujauliza bei.

Kifaa cha pili ndicho ninachokipenda, kwa sababu ni pete za pembe zisizopigika msasa. Tovuti yenye kufuli la usalama kwenye anwani yake hutumia cheti. Tangu mwisho wa Aprili 2018 kivinjari cha Chrome kinadai vyeti vipya vinavyotambulika hadharani viandikwe kwenye madaftari ya wazi, na mtu yeyote anaweza kuyasoma bure kupitia crt.sh. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vilivyofunguliwa kwa umma Desemba 2015 na kutumiwa na tovuti nyingi ndogo, vimekuwa vikidumu siku 90. Kwa hiyo tovuti iliyo hai huacha alama kila baada ya miezi miwili au mitatu. Pengo la miaka miwili kwenye alama hizo linataka maelezo. Tahadhari moja: cheti kinathibitisha kwamba jina lilikuwa limewekwa kwenye seva, hakithibitishi kilichoandikwa humo. Kisome pamoja na hifadhi.

Kifaa cha tatu kimo ndani ya tovuti. Kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, tarehe ya makala ni kisanduku tu cha kujazwa. Ukitaka makala iwe ya 2012, unaandika 2012. Lakini kila makala, ukurasa na picha inapoingia hupewa namba kutoka kwenye hesabu moja inayopanda. Makala ya "2012" yenye namba 4,310 ikiwa jirani na makala ya 2022 yenye namba 4,305 imeandikwa baada ya hiyo ya 2022. Usidanganyike na folda za picha zenye mwaka 2013, kwani mara nyingi WordPress huweka picha kwenye folda inayofuata tarehe ya makala, na tarehe ya makala ndiyo iliyochezewa. Namba nazo huweza kuvurugika tovuti ikihamishwa kwa haki, kwa mfano kutoka Blogspot, ndiyo maana nasema meno yasomwe mengi, sio moja.

Kifaa cha nne hakihitaji kompyuta. Kinahitaji mtu aliyeishi Tanzania na macho yake. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Makala ya 2000 inayotaja "mkoani Manyara" imejiumbua. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni mikoa ya 2012, Songwe ni ya 2016. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini 2008. Kabla ya mwishoni mwa 2010 hapakuwa na Airtel hapa, kulikuwa na Zain, na kabla yake Celtel. Halotel iliingia sokoni 2015. Tigo ikawa Yas Novemba 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Dodoma ilipandishwa kuwa jiji Aprili 2018. Makala ya 2019 inayosema "hayati Magufuli" haikuandikwa 2019. Katika tovuti ya mwalimu, makala iliyodai kuwa ya Julai 2013 ilimwelekeza mkulima kulipia mbegu kwa Mixx by Yas. Muuzaji akajitetea kwamba aliisasisha tu, na utetezi huo ni halali: makala nzuri husasishwa. Nilichofanya ni kuhesabu. Makala moja ya namna hiyo ni usasishaji. Makala 11 za mwaka mmoja, zote zenye namba za juu na zote hazionekani kwenye hifadhi kabla ya 2021, ni umri wa kubandikwa.

Kifaa cha tano ni takwimu za wasomaji, na hapa kuna kisingizio kipya. Toleo la zamani la Google Analytics liliacha kupokea takwimu mpya Julai 2023, na kuanzia Julai 2024 wenye akaunti walifungiwa kuzisoma za zamani. Google Search Console nayo huonyesha miezi 16 tu. Kwa hiyo muuzaji anayesema "takwimu zangu za 2015 Google walizifuta" huenda anasema kweli. Ukweli wake haumlipi, hata hivyo. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyepakua takwimu zake kabla ya kufungiwa anayo. Asiyepakua awe na risiti za seva, barua pepe za kuhuisha jina na malipo ya matangazo kutoka benki. Vikikosekana vyote, miaka hiyo ihesabike kuwa zawadi kwa mnunuzi.

Wanayoamini wengi, na kwa nini sikubaliani nao

Imani ya kwanza ni kwamba Google inaheshimu wazee, kwa hiyo jina kongwe hupanda juu lenyewe. Imani hii ina chimbuko: mwishoni mwa 2003 Google iliomba hataza ya kupima kurasa kwa kutumia historia yake, ikiwamo tarehe za jina, na ombi lilipochapishwa 2005 wauza majina waliligeuza kuwa mahubiri. Hataza hulinda wazo, haithibitishi kwamba wazo hilo linatumika. John Mueller wa Google alijibu hadharani mwaka 2019 kwamba umri wa jina hausaidii chochote. Kinachowapa wakongwe nguvu ni vitu walivyojikusanyia njiani, hasa viungo kutoka tovuti nyingine na wasomaji wanaowatafuta kwa jina. Ukinunua jina kongwe lisilo na hivyo, umenunua mvi bila busara.

Imani ya pili ni mwendelezo wa hiyo: nunua jina lililokufa lenye viungo vizuri, pachika mada yako, urithi nguvu zake. Kwa muda fulani ilifanya kazi. Machi 2024 Google ilitangaza kuwa kununua majina yaliyoisha muda na kuyajaza maudhui hafifu kwa ajili ya kupanda kwenye matokeo ni ukiukaji wa kanuni zake. Maana yake ni kwamba umri mkubwa wa jina uliotengana na maudhui umeacha kuwa sifa. Unaweza kuwa deni. Viungo vya wapanda mlima kwenda kwenye ukurasa wa vitunguu saumu havimfai mpanda mlima wala mkulima.

Imani ya tatu ni ya wanaojiona wajanja zaidi: kwamba kila pengo ni utapeli. Wanaosema hivi wamesahau Juni 2018. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotolewa mwaka huo zilitaka wanablogu na wenye majukwaa kupata leseni, ada ikifika shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na ada ya maombi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza wasiosajiliwa wasimamishe shughuli, na JamiiForums yenyewe ilizimwa kwa muda. Wanablogu wadogo waliokuwa wakipata shilingi elfu thelathini kwa mwezi walifunga duka, wengine hadi leo. Ukikuta tovuti ya Kitanzania ya habari imekatika Juni 2018 na kurejea miezi kadhaa baadaye ikiwa na mwandishi yuleyule na mada zilezile, pengo hilo ni kovu la historia yetu. Lihesabu kama mapumziko, punguza miezi hiyo kwenye umri, usimwite mtu tapeli. Pengo la kutilia shaka ni lile ambalo upande wa pili wake anatokea mtu mwingine akizungumza jambo lingine.

Nini kifanyike

Kwa mnunuzi: usiulize "ina umri gani?" Dai tarehe nne, moja kwa kila umri nilioutaja, na ushahidi wa kila moja. Kisha mwombe muuzaji aingie mbele yako, kwa simu ya video au ana kwa ana, kwenye akaunti ya msajili, ya seva na ya takwimu. Picha za skrini hutengenezwa kwa dakika tano. Bei izidishwe kwa umri wa biashara uliothibitishwa. Umri wa jina uwe nyongeza ndogo ya heshima. Andikeni mkataba, hata wa kurasa mbili, na tarehe hizo ziwe ndani yake kama madai ya muuzaji, si kama maelezo ya tangazo, ili zikithibitika kuwa za uongo uwe na cha kushika mbele ya baraza au mahakama. Fedha zishikwe na mtu wa kati mnayemwamini nyote, wakili au huduma ya amana, mpaka jina liwe limehamia kwenye akaunti yako. Kumbuka kwamba akaunti ya matangazo ya AdSense haiuzwi pamoja na tovuti. Lazima uwe na yako. Leseni ya TCRA, kama tovuti inayo, usidhani inahama kwa nenosiri. Ulizia kwanza. Na kama unauziwa pia orodha ya namba za simu za wakulima, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba hizo ni za wakulima. Muuzaji hana haki ya kuziuza kama gunia la mahindi.

Kwa muuzaji: anza leo kutunza daftari, hata kama huna nia ya kuuza. Pakua takwimu kila mwisho wa mwaka. Hifadhi risiti. Mara moja kwa mwezi ingiza ukurasa wako wa mwanzo kwenye Wayback Machine uombe unakiliwe. Ni bure na huchukua dakika moja. Ukihamia jina jipya, acha la zamani liendelee kulipiwa na kuelekeza wasomaji angalau kwa mwaka. Na ukisasisha makala, andika chini yake imesasishwa lini. Mstari huo mmoja ungemwokoa muuzaji wa mwalimu kwenye nusu ya maswali yangu.

Kwa wenye mamlaka nina ombi dogo na moja kubwa. Dogo: rejista ya .tz ionyeshe tarehe ambazo mmiliki alibadilika, bila kutaja majina yao. Taarifa binafsi zitabaki salama na mnunuzi atajua kama jina limepita mikono minne. Kubwa: sheria ya 1975 ya huduma za maktaba iliweka utaratibu wa wachapishaji kuwasilisha nakala za vitabu na magazeti kwa ajili ya maktaba ya taifa. Maandishi mengi ya Kiswahili cha miaka 20 iliyopita hayakuchapwa kwenye karatasi kabisa. Yalikuwa kwenye blogu. Utaratibu huo upanuliwe uzifikie nazo. Kutegemea hifadhi ya Marekani pekee kutunza kumbukumbu hizo ni uzembe ambao wajukuu watatuuliza.

Nirudi Endagikot. Muuzaji alipopigiwa hakukasirika. Alinyamaza, kisha akasema naye alinunua tovuti hiyo miaka miwili iliyopita kwa maneno yaleyale ya 2011, na zile makala za tarehe za nyuma alizikuta. Nilimwamini kwa sababu umri wake wa umiliki ulilingana na alichosema. Hii ndiyo tabia ya umri wa uongo: kila anayelipia hulazimika kuuuza tena ili arudishe fedha zake, na mnyororo hukatika kwa yule wa kwanza anayefungua kinywa cha ng'ombe. Mwalimu na muuzaji walikubaliana faida ya miezi 20, shilingi 3,000,000. Kwenye mkataba wao mstari wa umri unasomeka hivi: jina limesajiliwa 2011, makala za vitunguu saumu zimeanza Aprili 2021.